Usubi wa Dirishani

Bwana Lenzi aligundua aina mpya ya usubi bila kuinuka kitini. Nilikuwepo. Kiti chenyewe nakijua, kina mto uliotoboka upande wa kushoto, na mimi ndiye niliyeushona mara mbili, ingawa kwenye barua yangu ya ajira hakuna palipoandikwa mto. Barua inasema mimi ni mtayarishaji wa sampuli. Miaka kumi na tisa nimetayarisha sampuli katika maabara ile ya wadudu wa mifugo, nikiwa nimevaa koti jeupe lililokuwa la mtu aliyestaafu, na mfukoni mna jina lake mpaka leo.

Kazi yenyewe ni hivi. Mdudu mdogo kuliko punje ya ufuta analetwa akiwa ndani ya chupa ya spiriti. Mimi namtoa kwa ncha ya sindano, namkata mabawa, namlaza juu ya kipande cha kioo, namdondoshea gundi, namfunika kwa kioo kingine chembamba kama kucha, nabandika lebo. Halafu bingwa, yaani Bwana Lenzi, anaingia na kikombe cha chai, anainamia hadubini, anasema, "Mmh." Hiyo mmh ndiyo inayoitwa sayansi. Yangu inaitwa kazi za mikono.

Shule niliishia pale baba alipoishia. Lakini vitabu vya maabara ile nimevisoma vyote, hata vile vilivyotafunwa na panya, na palipotafunwa nimejaza mwenyewe kwa kuangalia wadudu. Kwa hiyo nikisema kitu kuhusu usubi, mtu asinikunjie uso.

Usubi hutambuliwa kwa mabawa. Bawa ni la kijivu na lina madoa meupe, na mpangilio wa madoa hayo ndio kitambulisho. Hawa wana doa kubwa karibu na ncha, wale wana matatu yamejipanga ukingoni. Si jambo la ajabu. Dada yangu ana ng'ombe tisa nyuma ya karakana ya matofali, na anawajua hivyo hivyo kwa mabaka, hata wakiwa wamempa mgongo. Tofauti ni kwamba dada hajaitwa kwenye mkutano wowote kwenda kusifiwa kwa hilo.

Basi siku moja Bwana Lenzi akatoka ofisini kwake akitembea kwa vidole kama mtu aliyebeba yai. Akasimama katikati ya maabara.

"Fundi," akaniambia. Huniita fundi, kwa sababu akinitaja jina atalazimika kukumbuka kwamba nimezaliwa na watu. "Fundi, zile slaidi za zizi la nyuma ya karakana. Ulizitengeneza vizuri?"

"Kama kawaida, Daktari."

"Mabawa yake ni meupe. Meupe kabisa! Hayana doa hata moja." Akapumua. "Dunia haijawahi kumwona huyu."

Dunia haijamwona, lakini dada yangu alikuwa ameumwa naye vifundoni tangu utotoni. Karani wetu, mama mmoja wa miwani mizito ambaye ndiye mtu pekee pale ndani anayesoma karatasi mpaka mwisho, aliniangalia juu ya mashine yake, nami nikamwangalia, tukarudi kwenye kazi zetu.

Maelezo ya aina mpya yalichukua kurasa kumi na moja. Nilizisoma. Ukurasa mmoja na nusu ulikuwa wa mdudu, uliobaki ulikuwa wa Bwana Lenzi. Kisha likaja suala la jina. Mtu akigundua mdudu ana haki ya kumpa jina, na Bwana Lenzi, ambaye alikuwa anakinyemelea cheo cha mkuu wa idara, alichukua jina la Mama Mkurugenzi, akalivisha mkia wa Kilatini, akampa mdudu. Wakafanya kasherehe ka soda kwenye chumba cha mikutano. Mama Mkurugenzi aliguswa sana. Hakuna aliyemkumbusha kwamba jina lake sasa limebandikwa kwenye kitu kinachozaliwa kwenye samadi na kuishi kwa damu ya wengine. Mimi niliona limepata mahali pake, nikanywa soda yangu.

Ningeishia kucheka, lakini wiki mbili baadaye dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, wamenibandikia karatasi mlangoni pa zizi. Nyekundu. Njoo unisomee, miwani yangu imekaliwa na ndama."

Nikaenda. Karatasi ilikuwa na mhuri wa ofisi yetu. Ilisema kwamba eneo hili ndilo chimbuko pekee linalojulikana la aina mpya ya usubi. Kwamba aina hiyo haijulikani inabeba ugonjwa gani. Kwamba kwa tahadhari zizi libomolewe, samadi ichomwe, na mifugo iondolewe ndani ya siku tisini. Pingamizi, kama lipo, lisikilizwe siku ya mwisho mbele ya Mkurugenzi.

"Iondolewe ipelekwe wapi?" akauliza dada.

"Haijaandikwa."

"Mimi nitakuambia. Machinjioni. Mahali pengine sina." Akamshika ng'ombe mkubwa sikioni, yule mweusi mwenye baka jeupe begani, akawa anamkuna huku akinitazama mimi. "Wewe si unafanya kazi humo? Miaka yote hiyo unanuka spiriti mezani kwangu. Hebu niambie, huyo mdudu mpya ni nani?"

"Niachie siku mbili, Dada."

"Nakuachia moja."

Asubuhi yake niliwahi maabara kabla ya wote, nikatoa slaidi za zizi la dada. Kweli mabawa yalikuwa meupe. Nikahesabu vijishimo vya kunusia kwenye vipapasio. Nikaangalia vifuko vya mbegu tumboni mwa majike, viwili, vyenye umbo la yai, kimoja kikubwa kidogo kuliko mwenzake. Nikatoa kabatini slaidi za usubi wa kawaida, yule mwenye madoa ambaye yuko kila mahali penye ng'ombe na tope, nikahesabu tena. Kila kitu sawa. Vipapasio sawa, vifuko sawa, midomo sawa. Kilichotofautiana ni rangi tu.

Hapo ndipo nilipokumbuka dirisha.

Kumbukumbu yangu ni mbaya kwa maana moja tu, kwamba haisahau. Miezi saba nyuma walikuja wageni kutoka wizarani, na ilibidi kabati la chupa lipakwe rangi. Siku hiyohiyo Bwana Lenzi aliniweka mkono begani mbele ya wageni, akasema, "Huyu hapa ni mikono yangu. Kichwa ni hiki," akajigonga kipaji. Wageni wakacheka. Mmoja alinipa kikombe chake kitupu nikishike. Walipoondoka, Bwana Lenzi akasema, "Fundi, zile chupa mpya usizirudishe gizani. Zipange dirishani, kesho wakipita uani wazione. Lebo zitazame nje."

Chupa mpya zilikuwa za zizi la dada. Dirisha linatazama magharibi, jua linalala pale kila alasiri mpaka linapozama. Nami nilijua, maana imeandikwa kwenye kitabu cha tatu rafu ya chini, kwamba usubi akikaa kwenye spiriti juani rangi ya bawa hufa, kijivu kinageuka cheupe na madoa yanamezwa humo humo. Ilikuwa nimwambie. Lakini nilikuwa nimenuna. Nikasema moyoni, si umesema kichwa ni wewe, basi fikiri. Nikazipanga, lebo zikatazama nje. Wageni hawakupita uani. Chupa zikakaa dirishani miezi mitano, mpaka Bwana Lenzi alipozihitaji.

Kwa hiyo mdudu mpya alikuwa yule wa zamani, amechujuka kama shati lililosahaulika kwenye kamba. Na aliyemwanika ni mimi.

Nilikwenda kumwambia Bwana Lenzi. Sitaki mtu aseme sikwenda.

"Daktari, zile chupa zilikaa juani."

"Zipi?"

"Za aina mpya. Nadhani mabawa yamepoteza rangi. Vifuko vya mbegu ni vilevile vya yule wa kawaida."

Akaweka kikombe chini. "Fundi, nimesoma miaka tisa nje. Wewe umesoma wapi?"

"Hapa hapa ndani."

"Basi rudi hapo hapo ndani."

Nikarudi. Nikakaa kwenye stuli yangu nikaandika barua kwa Mama Mkurugenzi. Ukurasa mmoja, maana nilijua adabu za wasomaji wangu. Nilieleza kwamba ninaomba kuchukua chupa moja ya usubi wa kawaida kutoka kabatini, kuigawa nusu kwa nusu, nusu ikae gizani na nusu dirishani, kwa siku themanini, vizibo vikiwa na sahihi ya karani, ili ionekane jua linafanya nini. Nikaongeza kwamba bila jibu ndani ya siku tatu nitahesabu nimeruhusiwa. Karani akaipeleka, ikarudi nakala yenye mhuri: IMEPOKELEWA. Hakuna aliyeisoma. Katika ofisi yetu mhuri huo hupigwa ili karatasi inyamaze.

Chupa niliyoichagua niliitafuta kwa raha. Mwaka uliopita mke wa Bwana Lenzi alilalamika kwamba hawezi kunywa chai bustanini kwa kuumwa na vidudu, na mumewe akanituma niweke mtego wa taa kwenye majani yake yanayomwagiliwa kutwa kucha. Asubuhi nilikusanya usubi kama mia mbili, wote wa kawaida, wote na madoa yao. Lebo aliiandika mwenyewe kwa mwandiko wake: nyumba yake, bustani, tarehe. Chupa ikaingia gizani na haikutoka tena mpaka nilipoitoa.

"Hii?" karani aliuliza, akasoma lebo, akavua miwani akaifuta. Akaivaa tena. "Wewe mtu una roho mbaya."

"Weka sahihi."

Akaweka. Nusu ikarudi gizani, na kwa siku themanini chupa ya nusu nyingine ilikaa dirishani mbele ya macho ya bingwa. Alipita mbele yake kila asubuhi. Mara moja aliisogeza kidogo ili aweke kikombe.

Dada naye hakunipa pumzi. Kila nikienda alikuwa ananiuliza kama nimemaliza kumpika mdudu wangu. Alikuwa amepungua. Wateja wa maziwa walianza kupita mbali, maana karatasi nyekundu inasomeka hata na asiyejua kusoma. Ndama mmoja alizaliwa katikati ya siku hizo, na dada akakataa kumpa jina.

"Nitamwita jina gani mtu anayehesabiwa siku?" akasema.

Siku ya tisini tuliingia chumba cha mikutano, kile cha soda. Mama Mkurugenzi alikaa mwisho wa meza. Bwana Lenzi alikaa kulia kwake na zile kurasa kumi na moja. Dada alikaa upande wa mlango, amevaa viatu vyake vya msibani. Karani alikuwa anaandika, na mbele yake bahasha niliyompa asubuhi, imefungwa. Mimi nilileta hadubini, nikasimama.

"Bibi," Mkurugenzi akamwambia dada, "tunajua ni vigumu. Lakini sayansi imeshasema."

"Imesema nini, mama? Mimi nimesikia karatasi tu."

Bwana Lenzi akatabasamu. "Mama mzazi, kwenye zizi lako kuna mdudu ambaye hayupo mahali pengine popote duniani."

"Una hakika, mwanangu?"

"Namjua kama ninavyojua kiganja changu."

Nilikuwa nasubiri sentensi ya namna hiyo kwa miaka kumi na tisa. Nikaomba ruhusa. Nikasema ninazo slaidi sita, zina namba tu, hazina lebo. Kwa faida ya bibi huyu ambaye hajasoma, Daktari atuoneshe kwa macho yake ni zipi za aina mpya na zipi za kawaida. Mtu mwenye akili angeuliza zimetoka wapi. Bwana Lenzi alikunja mikono ya shati.

Aliinama juu ya hadubini kwa madaha. "Namba moja, ya kawaida. Madoa yale pale, hata mtoto anaona. Namba mbili..." akanyoosha mkono kwa Mkurugenzi, "njoo uone, mama, huyu ndiye wako. Tazama weupe huo!" Mama Mkurugenzi akaja akachungulia jina lake. Namba tatu, wa Mkurugenzi. Namba nne, ya kawaida. Tano, ya kawaida. Sita, wa Mkurugenzi, "na huyu ndiye mzuri kuliko wote."

Karani akaandika kila moja, akamgeuzia daftari, akamwomba aweke sahihi. Akaweka, na mstari chini yake.

"Sasa, karani," nikasema, "fungua bahasha."

Akaifungua. Alisoma polepole, kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya likizo. Namba moja mpaka sita, mtego mmoja, asubuhi moja, chupa moja. Moja, nne na tano gizani, mbili, tatu na sita dirishani, siku themanini. Mahali palipokusanywa: nyumbani kwa Daktari, bustanini. Mwandiko wa lebo, wake Daktari.



Dada ndiye aliyeanza. "Subirini kidogo nielewe. Kwa hiyo huyu mdudu ambaye hayupo popote duniani ila kwangu, yupo bustanini kwa Daktari?"

"Yupo," nikasema.

"Basi na nyumba yake ibomolewe. Kwa tahadhari." Akamgeukia Bwana Lenzi kwa upole kabisa. "Una siku tisini, mwanangu. Samadi unachoma mwenyewe."

Karani akacheka, akajifanya anakohoa. Bwana Lenzi akawa mwekundu, kisha kijivu, kisha akachujuka kabisa.

"Hii ni hila!" akasema. "Nani alimruhusu?"

Nikatoa nakala yangu yenye mhuri nikaiweka mbele ya Mkurugenzi. Akaisoma, mara ya kwanza. Aliisoma mpaka chini, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, hakikuwepo.

Kuhusu vifuko vya mbegu nilieleza dakika tatu, hakuna aliyebisha. Lakini Bwana Lenzi si mtu wa kuzama peke yake.

"Sawa," akasema. "Sawa. Chupa za kwanza ziliwekwa juani. Muulizeni, ni nani aliyeziweka?"

Mkurugenzi akanitazama. Dada akanitazama pia.

Ningeweza kusema nilitumwa, na ilikuwa kweli. Lakini ile ilikuwa nusu, na nusu nimewasikia wakubwa wakiisema maisha yangu yote, naijua harufu yake.

"Mimi," nikasema. "Niliagizwa, nikaweka. Nilijua zitaharibika. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia."

"Miezi mitano?" akauliza Mkurugenzi.

"Mimi hukasirika taratibu."

Dada alishusha macho kwenye viatu vyake vya msibani.

Mama Mkurugenzi alitoka nje robo saa, akarudi. Alisema suala la aina hii linahitaji utafiti zaidi, ambayo ndiyo lugha yao ya kusema tumeaibika. Amri ya kubomoa imefutwa kuanzia leo, karani aandike. Jina la mdudu linasitishwa. Mtayarishaji wa sampuli atapewa barua ya onyo kwa uzembe wa makusudi. Bwana Lenzi hakupewa barua. Alipewa muda wa kutafakari, na kiti chake bado anacho, na mto wake sasa utoboke tu. Barua yangu ninayo. Ina sahihi, ina mhuri, na nina hakika kwamba hakuna aliyeisoma.

Tulirudi na dada kwa miguu mpaka zizini. Njia nzima alitangulia mbele. Alipofika aliibandua karatasi nyekundu mlangoni, akaikunja mara nne, akaziba nayo ufa kwenye ndoo ya maji. Kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Dada..."

"Siku tisini nimelala na njaa ya woga. Nimewaaga hawa mmoja mmoja, wewe unajua? Yule mweusi nimemwomba msamaha. Kumbe ni wewe, umemnunia bwana wako ukaninunia na mimi."

"Nilijua nitarekebisha."

"Ulijua! Wewe na huyo Lenzi wako ni mama mmoja baba mmoja. Wote mnajua."

Mpaka leo nikikumbuka yale ya Bwana Lenzi napata maneno mapya ya kumwambia, lakini kwa hilo la dada sijapata hata moja.

Akaingia ndani, akatoka na sepetu, akanipa. Akaonesha rundo la samadi la miezi mitatu, ambalo hakuligusa kwa sababu hakuona faida ya kusafisha zizi la kubomolewa.

"Zoa. Mpaka nione sakafu."

Nikavua koti la yule mstaafu, nikazoa. Jua lilikuwa limeanza kupoa, saa ambayo usubi wanatoka. Walinivaa shingoni, masikioni, vifundoni. Nikajipiga kofi, nikamkuta mmoja kiganjani bado mzima kiasi. Mfukoni huwa nina lenzi ndogo ya mkono. Nikaiweka jichoni.

Dada alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kichwa cha ndama mapajani, ananitazama.

"Ana madoa?" akauliza.

"Anayo. Yote."

"Haya." Akamkuna ndama kichwani. "Na huyu tangu leo anaitwa Dirisha. Endelea kuzoa."